Bahasha Kumi na Mbili za Mama

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Naomba radhi kwa ukimya wa wiki saba. Niliahidi kuandika mara tu nitakaposhuka kwenye ndege, nawe wajua mimi si mtu wa kuahidi ovyo. Barua hii nimeianza mara nne, na mara zote nne nikaichana, wala si kwa makosa ya uandishi.

U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha? Duka la miwani linaendeleaje? Huku tu wazima. Binti yangu anakusalimu sana, shangazi yake. Zamu za uuguzi zinamchosha lakini hajakonda. Mumewe ni mpole. Huzungumza nami kwa tahadhari, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyolowa. Mjukuu ana miaka mitatu, na ameniuliza mbele ya wageni kwa nini masikio yangu yameota nywele. Kwa Mama situmi shikamoo katika karatasi hii. Sababu unaijua.

Safari ilikuwa ya ndege mbili, moja ya mwendo wa saa saba na nyingine wa saa kumi, na katikati nilikaa saa sita kwenye kiti cha chuma. Katika uwanja huo wa katikati kijana mwenye glavu aliniamuru nivue viatu, mkanda na saa, kisha ninyooshe mikono juu. Nikainyoosha. Miaka thelathini na mitatu nimewanyooshesha watoto wa watu mikono mbele ya darasa, na sikuwahi kujua aibu yake inavyoanzia kwenye kwapa. Ndani ya ndege, mbele ya kila kiti, kuna kioo kinachoonyesha ramani, na juu ya ramani kindege kinachosogea kama sisimizi mgonjwa. Wenzangu walitazama filamu. Mimi nilikisimamia kile kindege saa zote kumi na saba kama msimamizi wa mtihani, miguu ikivimba, mpaka mhudumu akaniuliza kama nina hofu. Nikamwambia hapana, ni mazoea ya kazi.

Sasa jambo lenyewe. Narudia maagizo, si kwa kuwa sikuamini, bali ndivyo nilivyozoea. Mama anaamini niko milimani, kwenye mradi wa kusahihisha vitabu vya shule, mahali ambapo simu hazishiki. Bahasha nilizokuachia ni kumi na mbili. Kila Jumapili ya pili fungua moja kwa mpangilio wa namba, umsomee polepole, basi. Kama nilivyokuwa naandaa masomo ya muhula mzima kabla shule hazijafunguliwa, ndivyo nilivyoziandaa: kila barua ina tarehe yake, hali ya hewa ya mwezi wake, na habari za kutosha. Usiruke, wala usiongeze. Zitakapokwisha mwishoni mwa Juni nitakuwa nimepata namna ya kumweleza ukweli. Uniandikie kwa anwani ya hapa, nami nitakuandikia dukani kwenu. Usinipigie simu ukiwa nyumbani. Macho ya Mama yamezimika, lakini masikio yake husikia hata chumvi ikiyeyuka.

Nimepata shughuli katika hospitali anakofanya kazi binti yangu. Nitakueleza siku nyingine.

Ni mimi kaka yako.


Tarehe 30 Machi

Kaka Mwalimu, shikamoo.

Barua yako imefika leo. Stempu tatu zimenyooka kama wanafunzi wa mstarini, nikajua ni wewe kabla sijasoma jina. Kikohozi kimekwisha, asante. Dukani tunasaga lenzi kuanzia asubuhi, nusu ya mji imegundua mwezi huu kwamba haioni. Nami nikitoka hapo narudi nyumbani kwa mtu mmoja ambaye sina lenzi ya kumsagia. Mwambie mjukuu wako shangazi wa mama yake naye ameziona hizo nywele, akaogopa kusema.

Mama ni mzima. Mchana nikiwa kazini, Mzee Randa seremala huja kumchungulia, wanataniana, anarudi kwenye mbao zake. Jana nilimsikia akimwambia, "Mama Mwalimu, nitakutengenezea kitanda chenye magurudumu, nikusukume mpaka sokoni ukiwa umelala." Mama akamwambia, "Anza na mlango wako, una miaka sita haujafunga."

Nimesoma namba tano Jumapili iliyopita. Kaka, Mama huvaa gauni lake la heshima ili asikilize. Anakaa karibu na dirisha, anajinyoosha, anasema, "Haya, mwite mwanangu aje." Ndipo nafungua bahasha.

Tatizo ni kwamba anajibu. Hilo hukuliandaa. Ananiamuru nishike kalamu, anasema, naandika neno kwa neno, nimkabidhi eti dereva wa mradi wenu. Naambatisha zote tano alizosema mpaka sasa. Na anauliza maswali! Chumba chako kina madirisha mangapi? Nani anakupikia? Lile goti? Jumapili inayofuata anangoja majibu, wewe unamweleza habari za mawingu. Mara ya kwanza alisema, "Hajaipata yangu." Mara ya pili akalaumu posta ya milimani. Mara ya tatu akasema, "Lakini huyu mwanangu aliwachapa watoto kwa kosa hili hili la kuulizwa hili na kujibu lile." Sikujua niangalie wapi. Nikashukuru kwamba haoni uso wangu, halafu nikaona haya kwa shukrani ile.

Basi nimeongeza. Usifoke. Nilisoma kwamba goti limepata nafuu na chumba chako kina madirisha mawili. Akasema, "Mawili yanatosha, upepo utapita." Alikuwa na furaha siku nzima.

Shughuli gani hospitalini? Umeniandikia sentensi moja tupu, kama wale madaktari wanaosema "tutaona". Bosi wangu naye aliniita ofisini juzi, akafunga mlango. Si baya. Nitakueleza siku nyingine, kama wewe.

Asubuhi ile ulipoondoka Mama alikuuliza kama umechukua sweta. Bado ananiuliza kama ulichukua.

Chiriku.


Tarehe 25 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za afya. Huku baridi inapungua. Binti yangu amepandishwa cheo na kuwa muuguzi mkuu wa wodi yake. Kila wiki ananiuliza Bibi amesemaje kuhusu safari yangu, nami namjibu kwamba Bibi anamsalimu. Yeye anadhani Mama aliniaga. Tafadhali, ukimwandikia, usimwambie vinginevyo.

Sikupendezwa na ulivyofanya. Barua zile zina mpangilio. Ukiingiza madirisha mawili katika namba tano, namba nane, ambayo inataja dirisha moja, itakuumbua. Mtu akiuliza swali lisilo na jibu, mwambie kwamba ninazo kazi nyingi. Viambatisho vya Mama, vyote vitano, vimefika salama na nimevihifadhi.

Umeuliza kuhusu shughuli. Niko idara ya nguo. Kitengo kina watu kumi na wanne, na bila sisi hakuna upasuaji unaoweza kufanyika. Saa za kazi zinaheshimiwa.

Jambo moja ulielewe vizuri. Kibali changu cha kuishi huku kina sharti: nisitoke nje ya nchi kwa miezi kumi na miwili ya mwanzo, yaani mpaka katikati ya Januari. Nikitoka hata kwa siku moja kinafutwa, na sitaruhusiwa kuomba kingine. Nakwambia ili usije ukaandika neno "njoo" bila kujua uzito wake.

Bosi wako anataka nini?

Kaka yako.


Tarehe 14 Mei

Kaka, shikamoo.

Leo habari si njema, kwa hiyo sizungushi maneno. Mzee Randa amefariki Ijumaa. Alikuwa anauchonga ule mlango wake, hatimaye, akaketi kwenye vumbi la mbao kama anayepumzika, hakuinuka tena. Tumemzika Jumamosi. Mama alitaka aguse jeneza, akalipapasa pembe zote nne, akasema, "Hii si kazi yake. Yeye asingeacha pembe hivi." Watu wakacheka huku wanalia. Sasa mchana hakuna wa kumchungulia. Mjane hujitahidi kupita, lakini naye anahitaji wa kumpitia.

Naambatisha barua nne za Mama. Tatu ni za kawaida. Ya nne ni ya msiba, aliisema kwa shida, akisimama kila sentensi. Anataka uandike pole kwa mjane kwa mkono wako mwenyewe. Hiyo isome leo leo, tafadhali.

Namba nane, kweli, ilikuwa na dirisha moja. Nilisema la pili limezibwa kwa ajili ya baridi. Nimekuwa mwongo hodari, mwalimu wangu ni wewe.

Zimebaki nne, kuanzia namba tisa. Je, kuna mahali umemtaja Mzee Randa? Nijibu upesi. Mpaka nisikie kutoka kwako, nitazipitia kimyakimya kabla ya kusoma kwa sauti.

Habari ya bosi tuiache kwanza.

Chiriku.


Tarehe 8 Juni

Mdogo wangu,

Pole sana kwa msiba. Mzee Randa alikuwa fundi safi na jirani mwema, na meza ninayoikumbuka zaidi maishani mwangu aliitengeneza yeye. Nimeambatisha pole kwa mjane. Nimeiandika tarehe ya katikati ya Mei ili ilingane na mahali ninapodhaniwa kuwapo.

Ondoa hofu. Nimeangalia daftari nilimoandika dondoo za barua zote. Namba kumi na mbili, kwa mfano, inasema hivi: afya, kazi, mvua kukatika, salamu. Nina hakika sikumtaja marehemu. Huna haja ya kuzipitia kwanza. Msomaji anayejua kinachokuja hubadilisha sauti, na Mama atagundua.

Sisi wazima. Kazi inaendelea. Viambatisho vya Mama vimehifadhiwa pamoja na vingine.

Kaka yako.


Tarehe 7 Julai

Kaka,

Salamu nitazitoa mwishoni, nikikumbuka.

Jumapili nilisoma namba kumi na mbili. Mama alikuwa na gauni lake. Nilisoma afya, nikasoma kazi, nikasoma mvua. Nikafika chini kabisa, pale ulipoandika: "Nisalimie Mzee Randa, umwambie nikirudi nataka nikute mlango wake unafunga."

Mama akasema, "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Imeandikwa lini hii?"

"Tarehe ishirini na tano Juni, Mama."

"Randa tumemzika mwezi wa tano. Nilimwandikia mwanangu. Akaleta pole kwa mjane, umeisoma mwenyewe juzi mbele yetu." Halafu akasema, "Niletee zote."

Nikamletea zote kumi na mbili. Akaziweka kwenye mapaja, akazipitisha vidoleni moja moja, akipima karatasi, akipapasa mkunjo, akigusa kwa ukucha mahali ulipokandamiza kalamu. Alichukua muda mrefu. Akasema, "Hizi zimekunjwa siku moja, juu ya meza moja." Kisha akauliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia. Ningefanya nini?

"Kwa ndege?"

"Kwa ndege, Mama."

"Saa ngapi angani?"

"Kumi na saba."

Akatikisa kichwa kama anayesikia mtoto amepata homa. "Kiti chake kilikuwa dirishani?" Nikasema sijui. "Na sweta alichukua?" Nikasema alichukua. Akalivua lile gauni na kunipa nilitundike, na tangu siku hiyo hajalivaa.

Nilikuwa nimechoka, Kaka, sikuipitia kwanza. Ndivyo ilivyotokea.

Jana akaniita. Alisema, "Mwandikie. Sitaki aombe msamaha, amesomesha watu, maneno hayo anayo mengi. Muulize kitu kimoja. Ndege ilipoinuka na ardhi ikabaki chini, alifurahi? Anijibu hilo. Kabla hajanijibu hilo, sitaki kusomewa barua yake nyingine."

Na la bosi ni hili. Anafungua tawi jipya katika mji mwingine, siku mbili kwa basi, na anataka mimi niwe mkuu wa karakana ya lenzi. Miaka kumi na minne nimesaga lenzi chini ya watu ninaowazidi. Niliona haya kukuambia kwa sababu nilitamani kukubali. Mama hawezi kuhama. Anasema nyumba hii anaiona kwa mikono, ukimweka katika nyingine ndipo atakapokuwa kipofu. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa Novemba.

Shikamoo.

Chiriku.


Tarehe 2 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nilimwandikia Mama mara tatu nikazichana zote. Mwambie, tafadhali, kwamba chumba changu kina dirisha moja, pana, linalotazama maegesho ya magari; kwamba goti linauma nikipanda ngazi; kwamba binti yangu ananipikia vizuri. Hayo aliyauliza. Swali lake la mwisho ni gumu kulijibu kwa ufupi. Ndege ikiinuka mtu huwa na mambo mengi: mkanda, masikio kuziba, mtoto wa jirani analia. Hakuna nafasi ya kupima furaha.

Binti yangu sasa anajua kwamba Mama hakuagwa. Hajasema nami kwa siku mbili. Chakula ananiwekea mezani, anaondoka.

Kuhusu kazi yako mpya, hongera, unastahili. Ni jambo la kutazamwa kwa utulivu.

Lakini nina swali. Uliandika mwezi wa tano kwamba utazipitia kimyakimya kabla ya kusoma. Mimi nilikosea, nakiri. Salamu niliziandika kwa mazoea, hata dondoo hazikutaja majina. Ila wewe uliahidi. Kwa nini hii moja hukuipitia?

Kaka yako.


Tarehe 28 Agosti

Kaka, shikamoo.

Umeuliza, nakujibu. Niliipitia.

Niliifungua Jumamosi dukani, wakati wa chai. Nilimwona Mzee Randa pale chini, na mlango wake. Nilikuwa na siku nzima ya kuruka mstari ule. Madirisha niliweza kuyazua, mstari mmoja ungenishinda? Nikaiweka kwenye mkoba, na Jumapili nikausoma kwa sauti safi kabisa, bila kutetemeka. Nilitaka ajue, lakini sikutaka niwe mimi niliyemwambia. Nilitaka uwe wewe. Nimemchoma Mama kwa marehemu rafiki yake ili nikupate wewe. Kisha nikakuandikia kwamba nilikuwa nimechoka. Hivyo ndivyo nilivyo, Kaka, usiniite mdogo wako mwema.

Sababu nakupa, si kujitetea. Unakumbuka kile kiambatisho cha tatu, cha mwezi wa pili? Mimi ndiye niliyekiandika, kalamu ikiniteleza kwa machozi. Mama alisema, "Mwambie kunihudumia ni kazi ngumu, najua, miaka kumi na mmoja si mchezo. Kama amenichoka aseme, si dhambi. Na kama anataka kwenda mbali kuliko hiyo milima, aende, ila aje aniage." Alikufungulia mlango kwa mkono wake! Wewe ukayasoma hayo, ukanijibu kwamba namba nane ina dirisha moja. Tangu siku ile nilikuwa na hasira nawe ambayo sikujua niiweke wapi.

Nimemweleza Mama kwamba nilisoma kwa kusudi. Akasema, "Nilijua. Sauti yako ilinyooka mno." Chai yangu akaniachia nikanywa peke yangu.

Sikuandikii neno "njoo". Sikuandikii "kaa". Mama naye amekataa. Anasema, "Sitaki arudi kwa sababu nimemkamata. Mtu aliyekamatwa hukaa mlangoni." Ila mimi Novemba yangu inakuja, na sitaki kumjibu bosi nikiwa sijui kaka yangu anataka nini. Simaanishi unachopaswa. Hicho nakijua, umenifundisha tangu utotoni. Unachotaka.

Chiriku.


Tarehe 29 Septemba

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Mfikishie Mama shikamoo yangu. Barua hii msomee yote, kuanzia juu.

Kwanza, sikukisoma kiambatisho cha tatu. Sikusoma chochote. Barua tisa za Mama nilizitia kwenye droo chini ya soksi, zikiwa zimefungwa kama ulivyozituma, na nilipokuwa nakuandikia "vimehifadhiwa" ndicho nilichomaanisha. Niliogopa sauti yake. Kwa hiyo hasira yako ilikuwa na haki, ila kosa ni jingine, na ni kubwa kuliko ulilodhani. Alikwishaniruhusu tangu Februari, nami miezi mitano nimekuwa nikijificha na ruhusa yangu ikiwa chini ya soksi. Nimezifungua wiki hii, nikazisoma kwa mpangilio, hii baada ya hii. Ya msiba nilishindwa kuimaliza kwa mkao mmoja.

Pili, kazi yangu. Nafua na kukunja mashuka ya wagonjwa. Idara ya nguo maana yake ni hiyo. Shuka hukunjwa na watu wawili: mnashika pembe, mnavuta, mnaendeana mpaka mikono ikutane. Mwenzangu ni mama wa makamo kutoka nchi nyingine kabisa. Hatuna lugha hata moja ya pamoja. Nikipinda pembe vibaya hunipiga kikofi kidogo mkononi, tunarudia. Napigwa kofi kila siku, na nimeanza kukunja vizuri. Niliona haya kukwambia, kwa sababu pale nyumbani mashuka ya Mama nilimwachia dobi, nikisema hiyo si kazi ya mwalimu.

Tatu, swali la Mama.

Ndiyo, Mama. Nilifurahi.

Kiti hakikuwa dirishani, kilikuwa cha katikati, lakini niliinama nikaona. Ndege ilipoinuka mabati ya nyumba yaling'aa mara moja yote, kisha nikashindwa kujua letu ni lipi, na pale pale kitu kikafunguka kifuani mwangu. Miaka kumi na mmoja nimeishi nikisikiliza kikohozi chako kupitia ukuta, na hatua zako, na kikombe chako kikiwekwa chini. Ghafla hakukuwa na wa kumsikiliza. Nilicheka, Mama, kwa sauti. Mwanamke mmoja aliyekaa kando yangu alidhani ninalia, akanipa pipi, akasema, "Pole, utazoea." Niliipokea. Pipi haijaisha mdomoni aibu ikawa imeshakuja, na haijaondoka mpaka leo. Lakini umeuliza furaha, nami najibu furaha. Ilikuwepo, ilikuwa kubwa, na nilikuwa nimeitaka kwa miaka mingi nikiwa nakushika mkono kukuvusha barabara. Sikukuaga kwa sababu ungenisikia sauti. Ungejua kwamba siendi kwa shida wala kwa wito wa binti yangu. Nilikuwa nakwenda kwa kutaka.

Hayo sijawahi kumwambia mtu. Nimemsomea binti yangu kabla ya kuitia kwenye bahasha. Alisikiliza akiwa amesimama, akasema, "Baba, kumbe." Kisha akaketi tukala pamoja.

Sasa nawe, Chiriku. Umeniuliza ninachotaka. Kama ningekwambia leo kwamba narudi, ningekuwa naandika neno linalopendeza mwishoni mwa barua, kama nilivyoandika zile salamu. Kama ningesema nabaki, ningekuwa nakukabidhi Mama kwa mara ya pili bila kukuuliza. Nataka kukaa huku. Hilo ni kweli. Nataka pia kumvusha Mama barabara, na sikulijua hili mpaka nilipozisoma zile tisa. Yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na kibali hakinipi yote mawili. Usimkatalie bosi wako kwa ajili yangu, wala kwa kujiadhibu kwa lile la Jumapili. Tumia siku zote alizokupa.

Mama, kama jibu langu limekuondolea hamu ya kusikia barua zangu, nitalielewa hilo, na Chiriku aniambie. Kama bado utasikia moja, basi nitakapoamua, nayo itakuwa kabla ya Novemba kwisha, nitakaa chini siku hiyo hiyo nikuandikie wewe, kwa jina lako.

Mwanao.